Unataka Maisha Yako Yawe Muvi? Andika Kwanza, Bonga na Prodyuza Baadaye

Kila stage ya boda hii Kenya iko na yule mse husema, "Mimi maisha yangu ikiandikwa, hiyo ni muvi." Katito wako wengi. Kaa pale njia panda, penye lami ya Kisumu kwenda Kisii inaachana na ile ya kushuka Kendu Bay, na kabla matatu mbili zijaze utakuwa umeskia stori tatu. Kuna mwenye nyumba yake ilibebwa na maji. Kuna mathe mwenye amesomesha watoto kwa omena. Kuna mwenye alienda kufanya kazi Saudi akarudi na begi moja na kimya.

Na hawadanganyi, hizo ni stori kweli. Shida ni kwamba kutoka hapo stage hadi kwa skrini kuna njia ndefu, na wasee wengi huingia hiyo njia mikono mitupu. Wanabonga na mtu wa kamera, wanalia kidogo, wanashukuru, wanarudi kejani. Mwaka mmoja baadaye wanajiona kwa simu ya mtu mwingine na hawana hata soo moja ya kuonyesha.

Sasa skia rada. Hakuna mtu hununua maisha. Hakuna duka la maisha. Watu wa filamu hununua vitu viwili: maandishi, na ruhusa. Ukiwa na hivyo viwili mkononi, uko na bidhaa. Ukikosa, uko na stori tamu ya stage.

Sheria inasema nini, kwa lugha ya mtaa

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, hailindi wazo. Haijali umeteseka aje. Inalinda kazi yenye umetolea jasho na ikawekwa mahali inaonekana ama inaskika: karatasi, faili ya simu, rekodi. Ukisimulia prodyuza maisha yako yote mkila samaki pale Dunga na hakuna kitu umeandika, akienda aandike skripti yake, maneno ya hiyo skripti ni yake. Wewe umebaki na mifupa ya samaki.

Cheki filamu kubwa zenye zimetoka Kenya kwa maisha ya mtu halisi. Out of Africa ya 1985, yenye ilibeba Oscar saba, ilitoka kwa kitabu cha Karen Blixen cha 1937. Born Free ya 1966 ilitoka kwa kitabu cha Joy Adamson. I Dreamed of Africa ya 2000 ni ya Kuki Gallmann. Nowhere in Africa ya 2001, hiyo pia ilichukua Oscar, ilitoka kwa riwaya ya Stefanie Zweig kuhusu utoto wake hapa Kenya baada ya familia yake ya Kiyahudi kukimbia Ujerumani. The White Masai ya 2005 ni maisha ya Corinne Hofmann na mumewe Msamburu, kama alivyoandika yeye.

Unaona venye ziko? Zote ni maisha ya hapa kwetu, zote ni za watu waliotoka nje, na zote zilikuwa vitabu kwanza. Watu wengi hukasirika wakisema wazungu walituibia stori. Mimi naona kuna kitu kingine pia: hao wamama waliketi chini wakaandika. Yule mpishi wa Blixen aliishi hayo maisha pia. Muvi haikutoka kwa maneno yake, na kwa hiyo muvi yeye ni mpishi.

Cheki pia Queen of Katwe. Phiona Mutesi ni msichana wa Katwe, Kampala, mwenye alijifunza chesi akiwa mtoi wa mtaa wa mabanda. Mwandishi Mmarekani, Tim Crothers, aliandika makala juu yake kwa jarida la ESPN mwaka wa 2011. 2012 ikawa kitabu. 2016 Disney ikatoa filamu, Mira Nair akiwa dairekta na Lupita Nyong'o akicheza mathe ya Phiona. Filamu inasema imetoka kwa makala na kitabu. Na Kimani Maruge, yule mzee wa Eldoret mwenye aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84? Watengenezaji wa The First Grader waliskia habari zake kupitia gazeti la Los Angeles Times. Maruge alikufa Agosti 2009, filamu ikatoka 2010.

Kwa hizo stori mbili, mwenye aliishi na mwenye aliandika ni watu wawili tofauti. Mwenye aliandika hulipwa juu sheria inamjua. Mwenye aliishi hulipwa kama kuna mkataba umesema alipwe. Hiyo tofauti ndiyo sababu naandika hii makala.

Wasifu wa matanga si skripti

Umeenda matanga Nyakach, unajua venye wasifu husomwa. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma shule ya msingi fulani, akajiunga na sekondari fulani, akaajiriwa, akaoa, akabarikiwa na watoto, akaugua, akalala. Dakika ishirini, hema yote imesinzia. Sasa wasee wengi wakianza kuandika maisha yao ya muvi huandika hivyo hivyo. Wanaanza labour ward.

Skrini haitaki maisha yote. Inataka kipande chenye mtu anatafuta kitu kimoja na kuna kitu kinamzuia. The First Grader haikuanza na Maruge akizaliwa. Ni mzee anataka kusoma barua yake mwenyewe, na shule inamfungia geti. Mateso yake ya enzi ya Mau Mau yanaingia kama kumbukumbu, kidogo kidogo, pale tu yanapobeba stori.

Mfano wa karibu zaidi ni Nawi, filamu ya 2024 ya kutoka Turkana. Msichana wa miaka 13 amepita mtihani, anataka kwenda sekondari, babake anataka kumwoza kwa mifugo. Basi, hiyo ndiyo stori yote, na hata ukiskia kwa matatu unataka kujua iliisha aje. Milcah Cherotich aliiandika na kuipeleka kwa shindano la kuandika, akashinda, na amesema mbegu yake ilikuwa dadake mwenye aliozwa akiwa mtoto. Hiyo filamu ndiyo Kenya ilipeleka kwa mchujo wa Oscar mwaka huo. Hakuwa na jina kubwa, hakuwa na mjomba Hollywood. Alikuwa na karatasi, na kulikuwa na shindano la kuipeleka.

Sasa tuseme wewe ni wa Katito. Tuseme ulikuwa form three mto ukavunja kingo, mkahamia kambi ya shule, na mathe akaanza kushuka ziwani Sang'o Rota kununua samaki ili msife njaa. Ukiandika "maisha yangu ya taabu", hiyo ni wasifu wa matanga. Ukiandika "kijana wa miaka 17 anajaribu kubaki shule huku akigundua bei halisi yenye mathe analipa kupata samaki", sasa prodyuza ameweka simu chini. Ni maisha yale yale. Umeyakata tu mahali panauma.

Njia ya kupata hicho kipande? Chukua daftari, andika siku tano zenye ulikuwa mtu mmoja asubuhi na mwingine jioni. Si siku tano mbaya zaidi, hapana. Siku tano zenye ulichagua kitu. Kuna siku mbaya zenye wewe ulikuwa umelala tu hospitali, hizo zinaumiza lakini hakuna kitu unafanya. Muvi inafuata mtu anafanya. Kati ya hizo tano, kuna moja itakataa kunyamaza. Anzia hapo.

Karatasi zenyewe

Ya kwanza ni sentensi moja. Nani, anataka nini, nini inamzuia, atapoteza nini akishindwa. Ukihitaji sentensi tatu bado hujajua stori yako. Isome kwa beste yako mwenye hana subira. Akiuliza "halafu?", uko sawa.

Ya pili ni ukurasa mmoja wenye unasimulia mwanzo, katikati na mwisho. Ndio, mwisho pia. Usifiche mwisho ati ni siri, prodyuza hanunui tikiti, ananunua nyumba, lazima aingie hadi jikoni.

Ya tatu watu wa filamu huita tritimenti. Ni kurasa kadhaa, tano hadi kumi hivi, zinasimulia filamu nzima venye itaonekana, kwa wakati uliopo, bila mazungumzo mengi. Hapa ndipo maisha yako yanakuwa kazi yenye sheria inaona vizuri. Skripti kamili huja baadaye, na ukurasa mmoja wake ni kama dakika moja ya skrini. Si lazima uiandike wewe. Tritimenti lakini jikaze uandike mwenyewe, hata kwa Kiswahili cha kuchanganya, hata kwa Dholuo. Nairobi Half Life ya 2012 imejaa Kiswahili, Sheng na Gikuyu, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya ilipeleka kwa mchujo wa Oscar. Lugha yako si kizuizi. Mimi chuo nilitoka bila karatasi yao na bado naandika kila siku, kwa hivyo usiniambie ati hukusomea.

Ukimaliza, sajili. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi kwa mtandao kupitia eCitizen. Hakimiliki yenyewe huanza siku umeandika, si siku umesajili, lakini cheti ndicho kitakuokoa siku mtu atasema yeye ndiye alianza. Ile ya kujitumia barua kwa posta halafu usiifungue, wachana nayo. Hiyo inathibitisha tu kuwa ulinunua stempu. Kila ukituma kazi kwa mtu, tuma kwa barua pepe, si sauti ya WhatsApp, na weka kumbukumbu ya tarehe.

Dokumentari ni njia tofauti kidogo, juu hapo wewe mwenyewe ndio uko mbele ya kamera. Mfano wenye napenda ni Thank You for the Rain ya 2017. Kisilu Musya ni mkulima wa Kitui. Dairekta Mnorwe, Julia Dahr, alikuja kumrekodi, na Kisilu akapewa kamera yake akawa anajirekodi na familia yake kwa miaka kadhaa, mvua ikikataa, mvua ikija yote kwa siku moja. Jina lake halikubaki tu kwa orodha ya waliorekodiwa, liko kama dairekta mwenza. Kama kuna mtu wa nje anataka kukufuata na kamera miaka mitatu, hilo ndilo swali la kumuuliza siku ya kwanza kabisa: jina langu litaandikwa wapi?

Mathe wako hakuomba kuwa muvi

Hapa tutakaa kidogo juu hapa ndipo watu huumia.

Maisha yako yamejaa watu wengine. Wewe umeamua kuuza stori. Wao hawajaamua. Rudi kwa ule mfano wa Sang'o Rota. Kila mtu wa kando ya ziwa anajua jaboya ni nini: mvuvi anamuuzia mama samaki, na bei si pesa peke yake. Imeharibu nyumba na imesambaza virusi, na ni kitu watu huongea kwa mafumbo. Wamama wa Nduru Beach, hapa hapa Kisumu, walisimama wakasema hapana, wakatafuta boti zao wenyewe, na waliongea na wanahabari wa dunia nzima kwa majina yao. Hao walichagua. Mathe wako kama hajachagua, na wewe umeandika, basi umemfanyia kitu.

Usiniambie utabadilisha jina. Katito si Nairobi. Ukiandika "mama mmoja wa nyumba ya mabati ya kijani nyuma ya posho mill, mtoto wake wa tatu alisomea kwa kambi", kila mtu sokoni Jumatatu atajua. Watamwangalia akipima nyanya.

Kando ya hili ziwa letu, upande wa Mwanza, kuna filamu inaitwa Darwin's Nightmare. Hubert Sauper, dairekta wa Austria, aliirekodi kuhusu sangara, ndege za mizigo na watu masikini wa pwani ya ziwa. Ilitoka 2004, ikateuliwa Oscar, ikashinda tuzo Ufaransa. Yeye alikuwa Ulaya. Mwaka wa 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, kukawa na maandamano Mwanza, na Watanzania walioongea kwa hiyo filamu ndio walibaki pale pale wakijieleza. Sisemi filamu ilikuwa mbaya, mimi naona ilikuwa kali. Nasema dairekta huwa na tikiti ya kurudi kwao. Watu wa stori yako hawana, na wewe pia huna.

Kwa upande wa sheria, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema picha na habari za mtu ni zake, na ingawa sanaa na uandishi zina nafasi yao kwa hiyo sheria, usitegemee hapo kama hujaongea na wakili. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga kilabu kimoja cha Nairobi faini ya KSh 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Halafu kuna kashfa: ukisema chifu aliiba chakula cha mafuriko, na chifu bado ako hai, utaulizwa ushahidi kortini. Kwamba ni ukweli na kila mtu anajua haitoshi, lazima uweze kuonyesha.

Kwa hivyo fanya hivi. Orodhesha kila mtu halisi kwa stori yako. Wenye wako karibu, nenda uongee nao, uso kwa uso, usiulize kwa simu. Mwambie mathe sehemu mbaya zaidi yenye utaandika, usimpe ile tamu. Akikubali, mwandikiane karatasi, asaini ama aweke kidole, na shahidi awepo. Prodyuza yeyote wa maana ataitisha hizo karatasi, na akizipata kwa faili yako atajua anadili na mtu serious. Akikataa, hujafika mwisho. Unaweza kuchukua ule uchungu na kuuvisha nguo nyingine.

Voline Ogutu alifanya kitu kama hicho kwa Anyango and the Ogre. Ni dhuluma ya nyumbani, kitu chenye unaweza kukuta boma lolote, lakini ameivisha ngozi ya ngano ya zimwi. Ilikuwa moja ya kazi sita zilizochaguliwa na Netflix na UNESCO kwa shindano la ngano za Afrika, kutoka kwa maombi zaidi ya 2,000, na ikatoka 2023. Kila mshindi alipewa dola 25,000, na bajeti ya kutengeneza hadi dola 75,000 juu. Kutoka Katito ukishuka Kendu Bay unafika karibu na Simbi Nyaima, lile ziwa watu husema lilimeza kijiji juu walimfukuza bibi kizee usiku. Ngano ya mafuriko na watu wenye roho mbaya iko hapo. Hiyo ni ya jamii, si yako peke yako, na kuna sheria ya 2016 ya kulinda tamaduni za jamii, kwa hivyo uliza wazee na uwape heshima yao. Lakini uchungu wenye unaweka ndani ni wako.

Mkataba: soma na kidole

Prodyuza wa kweli mara nyingi hatanunua siku ya kwanza. Atataka opsheni. Maana yake: anakulipa kitu kidogo ili usiuzie mtu mwingine kwa muda fulani, kama miezi 12 au 18, wakati anatafuta doh ya kutengeneza. Muda ukiisha na hajanunua, stori inarudi kwako na hiyo pesa unabaki nayo. Kawaida ya biashara hii nje ni opsheni kuwa karibu asilimia 10 ya bei kamili, na bei kamili hulipwa kamera zikianza. Tuseme mmekubaliana 500,000, basi opsheni ni kama 50,000. Hizo ni namba za mfano tu, usiende ukisema nimekuahidi.

Opsheni ya bure ipo, hasa na vijana wenzako wenye pia hawana kitu. Si dhambi. Iwe fupi tu, miezi sita, na iandikwe.

Sheria ya Hakimiliki inasema kuuza hakimiliki, ama kumpa mtu leseni ya yeye peke yake, hakufanyi kazi kama hakujaandikwa na kusainiwa. Hiyo ni ngao yako. Mtu akikuambia "tulikubaliana kwa simu", mwambie akuonyeshe karatasi. Lakini jichunge na kitu kimoja: ukilipwa kuandika kazi yenye mtu mwingine amekuagiza, hakimiliki huenda kwa mwenye ameagiza, isipokuwa mkataba umesema vingine. Kwa hivyo prodyuza akikuambia "wachana na hiyo tritimenti, wacha nikulipe elfu kumi uniandikie upya", hajakufanyia mema. Amehamisha shamba.

Maneno ya kuangalia ni haya. "Milele, dunia nzima, kwa kila njia iliyoko na itakayovumbuliwa": hapo unauza kitabu, mchezo wa jukwaani, muendelezo na kila kitu. Baki na haki ya kuandika kitabu chako mwenyewe. Angalia pia ni maisha gani unauza. Taja miaka. Kama stori ni 2010 hadi 2013, uza hiyo miaka, usiuze ndoa yako yenye bado hujaoa. Ukiona "asilimia ya faida baada ya gharama zote", cheka kidogo, halafu omba pesa ya mwanzo. Hizo gharama huwa haziishi. Na jina lako liandikwe vile litaonekana, neno kwa neno.

Kutakuwa na sehemu ya kuahidi hutamshtaki wakibadilisha vitu. Hiyo ni kawaida, hakuna muvi hufuata maisha vile yalivyo. Unaweza kuomba usome skripti kabla, na kuna vitu viwili ama vitatu vyenye haviguswi. Sema mapema ni vipi.

Wakili unahitaji, hata kama ni wa saa moja Kisumu mjini. Changa na wenzako wawili wenye mikataba, muende pamoja mkaongee bei.

Na zile interviu za YouTube zenye watu hulia wakisimulia maisha? Kisheria, rekodi ni ya mwenye aliipanga na kuirekodi. Maisha bado ni yako, unaweza kuandika kesho yake. Lakini ukishaimwaga yote bure pale, prodyuza atakuuliza anunue nini. Kama lazima uende, bakisha kile kipande chenye kinauma.

Pa kupeleka

Kwa dokumentari, cheki DocuBox ya Nairobi, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge wa kusaidia watengenezaji wa Afrika Mashariki. Sam Soko, mwenye alifuata maisha ya Boniface Mwangi kwa miaka hadi ikawa Softie na kushinda tuzo ya uhariri Sundance 2020, ni mfano wa venye hii kazi huchukua muda. Kamisheni ya Filamu ya Kenya ndiyo huandaa tuzo za Kalasha na soko la filamu lenye jina hilo hilo. Soko ndilo lako, tuzo ni ya wenye wamemaliza. MultiChoice Talent Factory nayo imefundisha vijana wa Afrika Mashariki hapo Nairobi. Ingia kurasa zao uone kama dirisha liko wazi, juu hufungwa haraka.

Usingoje Nairobi pia. Rekodi dakika tano na simu yako, eneo moja la stori, watu wawili, hapo hapo Katito jioni kabla stima ipotee. Prodyuza akiona dakika tano zenye zimebeba, anaamini kurasa kumi.

Halafu jua hii: Netflix haipokei stori kutoka kwa mtu tu ametuma. Hupitia prodyuza, wakili ama wakala mwenye tayari wanafanya kazi naye. Sasa ukipata ujumbe Facebook ati "tuma 3,500 kwa M-Pesa tukusajilie stori yako Netflix", huyo si wakala. Wakala wa ukweli hukata asilimia yake baada ya wewe kulipwa. Piga picha ya skrini, ripoti hiyo namba, na usimtumie hata ile sentensi yako moja.